Asili ya Adila

Jumatatu, 5 Mei 2025
Nimepewa kazi ya kupitia mwongozo wa kutibu watoto hapa hospitalini. Nitafute kila panapotajwa rangi au kabila, niseme pabaki au pafutwe. Kamati inataka majibu wiki ijayo. Haya.

Ukurasa wa mkojo umenichekesha. Mtoto ana homa: akiwa mweusi, mpunguzie alama za kushukiwa maambukizi ya mkojo. Umenakiliwa Marekani mzima mzima! Kwa hesabu hiyo Bagamoyo yote haina mtoto wa kupimwa mkojo. Nimefuta.

Ukurasa wa selimundu, yaani sikoseli: mpime mtoto mwenye asili ya Kiafrika akiwa na maumivu ya mifupa. Mikdad, tabibu mwenzangu, anataka ubaki. Vipimo havitoshi, anasema, huwezi kumpima kila anayepita. Ana hoja. Nimeweka alama ya kuuliza.

Jumatano, 7 Mei
Mvua tangu alfajiri. Kaletwa Adila, miaka mitatu, analia ukimgusa tu miguu. Macho ya njano. Faili limejaa: viganja kuvimba, homa, viganja tena. Kila mara dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Selimundu hajapimwa hata mara moja!

Mikdad ndiye aliyemwona mara ya mwisho. Kasema aliona mtoto mweupe, nywele za singa, kaletwa na bibi yake, Bi Shamsia wa hapa Mji Mkongwe. Waarabu watupu. Mwongozo haukumtaka ampime.

Leo Bi Shamsia kaja na mke wa mwanawe, Mwajabu, mama wa mtoto. Mkwere wa Lugoba, mweusi kama mimi. Hakuna aliyewahi kumwona hapa. Bibi ndiye mwenye mtoto siku zote.

Nilipotaja kipimo, Bi Shamsia kakunja uso.

"Sikoseli haiko kwetu, mwanangu. Sisi asili yetu Maskati."

Nikamwambia Maskati nako ipo. Hakunisikia. Mwajabu akakinyoosha kidole cha mwanawe nikidunge, bila kumtazama mama mkwe. Nilimpenda papo hapo.

Mtoto anayo.

Ijumaa, 9 Mei
Adila kalazwa, maumivu yamepungua. Ile sentensi ya asili ya Kiafrika nimeifuta. Nimeandika: kila mtoto mwenye maumivu haya apimwe, awe wa rangi yoyote. Mikdad hakubishana. Tangu juzi hana raha.

Lakini nimezua balaa. Niliwaeleza kuwa mtoto haugui mpaka arithi kwa baba na kwa mama. Bi Shamsia kapiga hesabu yake. Kwao haipo – basi mtoto si wa mwanawe, Abdulwahab. Kamwambia Mwajabu hivyo wodini, mbele za watu, kwa sauti ya upole kabisa. Nimekasirika mpaka sasa. Mwajabu kaniuliza jambo moja tu: akirudishwa kwao Lugoba, nani atamleta mwanawe kliniki?

Nimempigia Abdulwahab. Yuko Pangani kwa biashara. Anakuja kesho kupimwa.

Jumamosi, 10 Mei
Bi Shamsia kamtangulia mwanawe. Kaja peke yake. Kaitikia shikamoo yangu, kakaa. Kisha kanisimulia. Bibi wa mama yake aliletwa na msafara kutoka bara, akauzwa hapa hapa mjini. Nyumbani wakisema alikuwa yaya. Bi Shamsia alipokuwa mdogo waliwahi kumwambia kachukua pua ya bibi huyo. Baadaye wakaacha kusema.

Nimemwambia selimundu haimtaji bibi yule. Inaweza kutoka popote. Kasema yeye anajua ilikotoka.

"Nipime mimi kwanza. Mwanangu asijue kabla yangu."

Nimemwonya: asipokuwa nayo, bado huenda ilitoka kwa marehemu mumewe. Kanyoosha kidole, katazama ukutani.

Kijiti cha kipimo kiko mezani. Mstari wa S, yaani selimundu, ukitokea, anayo ya kurithisha ingawa haugui. Naandika ili nisimtazame usoni.

Umeanza kutokea. Miwani kaiacha nyumbani, haoni. Abdulwahab anabisha hodi. Bi Shamsia kasema nisimfungulie, nimsomee kijiti kwanza. Naweka kalamu chini.