Kitabu Ambacho Hukukikataza

Husby, Jumamosi asubuhi

Shangazi,

Ulinifundisha kwamba barua huanza kwa salamu, kisha unamjulia hali unayemwandikia, kisha unatoa habari zako, na mambo mazito yanangoja mpaka msomaji awe amekaa vizuri. Leo nimekwama kwenye hatua ya pili. Nimeiandika na kuifuta mara tatu. Basi pokea salamu peke yake. Jambo sana, Shangazi.

Habari za nyumbani ni hizi. Baba amejifunza kupiga pasi mashati yake ya kazi, isipokuwa kola. Watu wa kazini kwako walikuja kuchukua funguo za nyumba za wazee uliokuwa ukiwahudumia. Baba alikuwa amezitia kwenye bahasha, na yule mwenzako mrefu aliingia na viatu vyake mpaka jikoni, akalia hapo, halafu akaomba radhi kwa ajili ya viatu. Kwenye ubao wa chumba cha kufulia cha jengo letu, Jumamosi saa nne bado ni zamu yetu. Mimi ndiye ninayeteremka na kapu. Nafua, nakunja, na hakuna anayenisomea imla. Kwa miaka minne nilijifunza kuandika Kiswahili juu ya ile meza ya kukunjia mashuka, wewe ukipaza sauti kushinda mashine, na kalamu yako nyekundu ikiwa nyuma ya sikio kama vile bado uko mbele ya darasa lako Uvira. Ndiyo maana naweza kukuandikia haya. Na ndiyo maana naona aibu kuyaandika.

Jambo zito ni hili: nilikusingizia. Nilikusingizia ukiwa hai, na nikaendelea ulipokufa.

Unakumbuka nilipochaguliwa kuwa mmoja wa wanafunzi wa darasa la tisa wanaowapendekezea vitabu watoto wa darasa la sita. Ulifurahi kuliko mimi. Ulisema ukoo umepata mwalimu mwingine. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana tulikaa maktaba na Gunilla, mwalimu wa maktaba, ambaye wewe ulikataa katakata kumwita kwa jina tupu kama tunavyofanya sote hapa Uswidi, ukamwita Madamu Gunilla mpaka mwisho. Alitufundisha namna ya kufanya. Usimwambie mtoto kwamba kitabu fulani kinamfaa. Weka vitabu vitatu mezani, sema kidogo juu ya kila kimoja, kisha nyamaza, uache mkono wake uchague. Usimwulize kwa nini. Ndani ya jalada bandika kadi yenye mistari michache na jina lako, ili msomaji ajue kuna mtu aliyepita humo kabla yake.

Kati ya vitabu alivyotupa kulikuwa na riwaya moja ya mvulana mwenye mama wawili, na nyingine ya mtoto ambaye kila mtu humwita mvulana ilhali mwenyewe anajijua kuwa msichana. Na kulikuwa na ile niliyoipenda mimi: msichana wa miaka kumi na mitatu, mlinda mlango wa timu ya hoki ya barafuni, anampenda msichana mwenzake wa timu na hana wa kumwambia. Gunilla hakutaka kuzitengea rafu yake. Alisema mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kusimama mbele ya rafu ambayo shule nzima inajua ni ya nini. Zikae na nyingine, alisema, na sisi ndio tumwonyeshe mtoto zilipo. Nilimwelewa vizuri. Niliisoma ile ya mlinda mlango mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa juu ya mashine ya kufulia, wewe ukikunja foronya mbele yangu. Ukauliza kinahusu nini. Nikasema michezo.

Wiki hiyohiyo Neema alikuja mezani kwangu. Unamjua, binti wa Mama Neema wa kwaya, yule anayekohoa kwanza kabla ya kusema neno. Nilikuwa nimeshaweka vitabu vyangu vitatu. Hakuvitazama. Alikohoa, akauliza kwa Kiswidi, kwa sauti ya chini, kama kuna kitabu ambacho msichana anampenda msichana, asichekwe, na mwishoni asife mtu.

Kitabu kilikuwa begini mwangu. Kadi yangu ilikuwa imeshabandikwa ndani. Lakini badala ya kumwona Neema nilimwona mama yake. Niliiona Jumapili nzima: kitabu kinadondoka kwenye mfuko wa Neema, jina langu liko ndani ya jalada, na Mama Neema amesimama kwenye ngazi za kanisa akimwuliza Baba, watu wote wakisikia, nyumbani kwake watoto wanalelewa namna gani.

Nikasema, "Vitabu hivyo siruhusiwi kuvipendekeza. Shangazi yangu amekataza."

Maneno yalitoka kwa urahisi, kana kwamba yalikuwa ya kweli. Neema akachukua kitabu cha farasi, akaondoka. Mimi nikabandua kadi yangu, nikaichana.

Gunilla alikuwa amesikia. Aliniuliza taratibu, nami nikarudia, nikaongeza kwamba nyumbani kwetu wewe ndiye unayeamua na kwamba wewe ni mtu wa kanisa sana. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima ile ya Waswidi inayokufanya ujione kama umevunjika mguu. Tangu siku hiyo akawa ananipa vitabu vya safari na vya vita vya zamani.

Na nilijua, Shangazi. Hilo ndilo linaloniuma. Laiti ningekuwa sikujui.

Mwaka uliotangulia ulikuwa ukivuka mji mzima mpaka Skärholmen kumhudumia Bibi Märta. Alipofiwa na mwanamke aliyeishi naye tangu ujana wao, wenzako wa kazini waliandika kwenye daftari kwamba rafiki yake amefariki. Wewe ulikasirika. Ulituambia tukiwa mezani kwamba huyo hakuwa rafiki, kwamba mto wa pili kitandani bado ulikuwa na shimo la kichwa. Baba akakuuliza, na Mungu je? Nayaandika maneno yako kama ulivyoyatamka, ingawa kwenye daftari langu ungeyapiga mistari:

"Mimi sijue Mungu anasemaka nini. Ila ule mama alilia sawa mujane, na mimi nilimupa pole sawa mujane."

Baba akaomba chumvi.

Mtu aliyesema hivyo ndiye niliyemfanya mkataza vitabu.

Halafu ukaja ule mkutano wa mwezi wa kumi na moja, wewe, mimi na mwalimu wangu wa darasa. Kiswidi chako kilikuwa cha dawa, supu na mito; mbele ya walimu kilikuacha, kwa sababu mwalimu wa zamani hataki kukosea mbele ya mwalimu mwenzake. Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri, kama siku zote. Tulipokuwa tunatoka, Gunilla alitufuata kwenye ukumbi. Alikushika mkono kwa mikono yake miwili, akazungumza kwa muda mrefu na kwa haraka. Alisema anaheshimu msimamo wako kuhusu vitabu, kwamba hakuna atakayenilazimisha, na kwamba siku ukitaka kuzungumza naye yupo.

Nikakuambia: "Anasema ninasoma sana, anakushukuru."

Ukaweka mkono kifuani. Ukasema, "Aksanti sana, Madamu. Umupe vitabu vyote. Vyote kabisa."

Nikamwambia Gunilla: "Anasema asante kwa kuelewa."

Mlitabasamu, nyote wawili. Mimi nilikuwa katikati yenu.

Kwenye lifti ya nyumbani uliniambia kwamba maneno ya Madamu yalikuwa marefu na yangu yalikuwa mafupi. Nikasema Waswidi wanapenda kuzunguka. Ulicheka sana, ukasema basi wangekuwa Wakongo wazuri. Nilicheka na wewe. Ningeweza kukuambia pale pale, kati ya ghorofa ya chini na ya tano.

Moyo wako ulisimama mwezi wa pili, kituoni, ukienda kazini. Siku tatu hospitalini hukuamka. Muuguzi alisema tuzungumze nawe, huenda unasikia. Baba alikusomea zaburi. Alipotoka kwenda kuwapigia watu simu, nilibaki na wewe peke yangu, mlango umefungwa, na nilikusimulia matokeo yangu ya hisabati. Yote. Hata yale maswali mawili niliyokosa. Hilo jingine sikulisema.

Gunilla alikuja kwenye mazishi. Alikaa nyuma, hakuelewa wimbo hata mmoja, lakini alisimama kila tuliposimama. Baadaye alikuja kunipa pole. Alisema, "Mimi na shangazi yako hatukukubaliana kuhusu vitabu, lakini niliona jinsi alivyokupenda."

Nikasema asante.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu kumdanganya Gunilla juu yako, na safari hii hukuwepo hata kusema maneno yangu ni mafupi.

Sijui ningekaa hivyo mpaka lini. Wiki tatu baada ya kukuzika nilikuwa kwenye foleni ya chakula shuleni, Neema akasimama nyuma yangu na trei yake. Akakohoa. Akasema, "Sasa shangazi yako amekufa. Unaweza kunipa kile kitabu?"

Hakuwa na ubaya wowote. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama duka limefunguliwa. Kwa Neema wewe ulikuwa mtu anayezuia, na kufa kwako kulikuwa ruhusa. Hakuwahi kula chakula chako wala kusikia kicheko chako. Alichokijua juu yako ni kitu kimoja, na nilimpa mimi.

Niliacha trei pale pale nikaenda maktaba. Gunilla alikuwa anakula mkate wake mbele ya kompyuta. Nilimwambia nikiwa nimesimama, bila kupumzika, maana ningepumzika ningebadilisha kitu. Alivua miwani. Akaipangusa. Kisha akauliza, "Siku ile ukumbini, alisema nini hasa?"

Nikamtafsiria. "Alisema unipe vitabu vyote." Vyote kabisa.

Gunilla alitazama dirishani. Alisema kwamba kwa miaka yake yote hapo amesubiri mzazi amwambie neno hilo, na kumbe aliambiwa, akaenda nyumbani bila kujua. Hakuniambia "si kitu". Nilitamani aseme, lakini hakusema, na nafikiri alifanya vizuri. Alifungua droo akanipa kadi mpya.

Niliharibu kadi nne. Ni vigumu kumwandikia mtu wa miaka kumi na miwili bila kumhubiria, na bila kumkonyeza pia. Mwishoni niliandika: "Anadaka kila kitu isipokuwa hili moja. Anampenda mwenzake wa timu na hajui aanze vipi. Kuna kurasa zinazochekesha na kurasa mbili zinazouma. Hachekwi. Hafi mtu. Riziki, 9B." Ungepunguza maneno, najua.

Nilimpa Neema kwenye ngazi za shule. Nikamwambia shangazi yangu hakukataza, nilikataza mimi.

"Kwa nini?"

"Nilimwogopa mama yako."

Akafikiri. "Mama yangu anaogopwa hata na mchungaji," akasema, akakitia kitabu ndani ya koti, akaenda zake.

Nilidhani yameisha. Jana jioni nilipata ujumbe wake kwenye simu. Mama yake amekiona kitabu chini ya godoro. Ameuliza nani amempa, na Neema amesema hamjui huyo Riziki aliyeandikwa humo, labda ni wa shule nyingine. Shangazi, kuna Riziki mmoja tu kanisani kwetu. Mtoto ananificha, na yeye ndiye anayelia chumbani, na mimi nimekaa hapa nikiangalia nguo zinazunguka.

Kwa hiyo leo, Baba akirudi kutoka zamu yake ya kuendesha basi, nitamweleza yote, kabla hajaelezwa na mtu mwingine. Na kesho nitafika kanisani kabla kwaya haijaanza mazoezi. Nitamwambia Mama Neema kwamba kitabu nilimpa mimi, kwamba nimekisoma mara mbili, na kwamba akitaka nitaketi naye nimsomee chote kwa Kiswahili, bila kuruka kitu. Huenda akanifokea mbele ya watu. Huenda pia akaketi. Ana sauti kubwa, lakini kwenye msiba wako alipika siku nne na hakumwachia mtu mwingine sufuria. Nina tumaini dogo, nalo sitaki kuliongeza.

Sitamwambia kwamba shule ilinituma. Sitasema ni Gunilla. Na akiniuliza wewe ungesemaje juu ya kitabu hiki, nitamjibu kwamba sijui, kwa sababu hukupata kukisoma, na aliyekunyima ni mimi. Ningeweza kukuweka mbele yangu tena, safari hii upande mzuri, na pengine ingenisaidia. Sitafanya hivyo.

Nisamehe, kama huko mnasamehe. Pumzika, Shangazi yangu. Nakuahidi hili moja, na nimeliandika polepole ili mwandiko uwe safi: sitakusemea tena.

Mwanao,
Riziki