Siku Nne Nilizoandika "Mzima"

Mama,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, kisha nikakaa nikingoja uitikie.

Leo ni Jumapili. Arobaini yako imepita. Hapa Mkomaindo bado naamka kabla ya saa moja na kuiweka simu mezani. Hailii. Nakunywa chai, naenda kazini.

Nilipokuletea simu yako kule Newala ulinicheka: "Jogoo wangu anawika bila kuchajiwa, na huyu wako je?" Lakini ulijifunza. Kila asubuhi ulipanda kichuguu nyuma ya mikorosho, mahali pekee penye mtandao, ukanibipu. Mara moja, umeamka salama. Mara mbili, nije. Nami niliandika kwenye shajara yangu: "Mama, mara moja. Mzima."

Wiki yako ya mwisho, Jumatatu hadi Alhamisi, niliandika "Mzima" mara nne. Ijumaa simu ikalia mara mbili. Nilipofika ulikuwa huwezi tena kusema. Jioni ukatutoka.

Msibani Mama Asumini, jirani yako, alinijia akilia. "Mwanangu, siku nne hizo nilibipu mimi. Homa ilimlaza tangu Jumatatu. Akanipa simu, akasema, 'Bipu mara moja tu. Mwanangu walishampunguza kazini, wasimpunguze tena kwa ajili yangu.'"

Nilimgeuzia mgongo. Hata kwenye arobaini nilimpita mlangoni bila kumsalimu, mtu mzima yule, watu wote wakiona. Moyoni nilisema yeye ndiye aliyekuua.

Jana nilifungua shajara niyafute yale maneno manne. Nikajikuta narudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, natafuta siku niliyokupigia mimi tukazungumza. Nilipata moja, ya Idi. Siku nyingine zote nilisikia mlio, nikaandika, nikaridhika. Jumatatu ile ningepiga, Mama Asumini angepokea, na yule hajui kudanganya. Angelia tu, nami ningejua.

Sikuyafuta.

Na nimekumbuka goti lake bovu. Siku nne alipanda kichuguu kwa sababu ulimwomba, kisha akarudi kukukanda kwa maji, na maji ya huko kwetu unajua yanavyotoka mbali. Mimi nilikuwa ofisini. Sasa yeye naye hana mtu, anaamka kila siku akiutazama mlango wako uliofungwa.

Jumamosi nitapanda gari la Newala. Nitabisha hodi kwake, nitamwomba radhi. Asiponikaribisha nitakaa nje barazani. Na nitarudi kila mwisho wa mwezi, nile ugali wake, nimsikilize anavyokohoa, anavyolalamika, mpaka mwenyewe aseme, "Haya, nenda zako, umezidi."

Hilo nakuahidi, Mama. Lala salama.

Mwanao,
Rashidi