Silingi ya Katani

Riruta Satellite,
Nairobi.
9 Machi 2008.

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za mkweo Kimanzi na za mjukuu wako Everlyne. Goti lako linaendeleaje? Na mvua je, imeonyesha dalili huko Kitui ama bado mnatazama mawingu tu? Sisi huku tunalala na kuamka. Nisiseme tuko vizuri sana, lakini tuko hai, na mwaka huu hilo si jambo dogo.

Uliponipigia kwa simu ya jirani yako Munyao uliniuliza kama nimeenda kuangalia nyumba yetu ya Soweto, kule Kibera. Nilikukatiza kwa sababu Kimanzi alikuwa ameketi karibu. Usinikasirikie, mama.

Unajua vile tuliihangaikia nyumba ile. Tulipoingia ilikuwa mabati matupu. Jua likiwaka tunaiva, Julai ikifika tunatetemeka, na Everlyne anakohoa mpaka anatapika. Daktari akasema kifua chake hakitapona kwenye baridi na moshi. Ndipo ulipotutumia yale magunia ya mabaki ya katani. Kimanzi aligongelea mbao nyembamba chini ya mabati, mimi nikashona magunia, tukajaza katani katikati, na chini tukafunika kwa katoni. Ikawa silingi, dari kama ya matajiri. Kuta tukazikandika udongo kwa ndani, na nyufa za mlango tukaziziba kwa matambara. Nikakishonea kikapu kikubwa blanketi kuukuu, maharagwe yakishachemka nayafunika humo yanamalizia kuiva bila moto. Makaa ya siku moja yakawa yanatutosha siku mbili. Mtoto akaacha kukohoa. Majirani walikuwa wanakuja kugusa kuta na kucheka kwa mshangao.

Halafu Januari, baada ya uchaguzi, wakubwa walipogawana vyeo na Mkamba mwenzetu akakubali cha serikali, tukaambiwa sisi Wakamba ni wasaliti. Vijana walikuja mchana kweupe wakatupa muda wa kutoa mtoto tu. Tangu hapo tuko hapa Satellite, kwenye chumba cha mabati kinachovuja, makaa yamepanda bei, na kikohozi cha Everlyne kimerudi. Kimanzi akawa hana wimbo mwingine ila kurudi. Wakubwa walipopeana mikono kumaliza fujo, mwenye nyumba akatuma neno kwamba kuna watu wameingia, lakini tukitaka atawatoa. Kimanzi yuko kwa mjengo akibeba mawe kutwa nzima, basi nikaenda mimi.

Nilibisha kama mgeni. Alifungua mama mmoja mwembamba aitwaye Nasipwondi, Mluhya, ana mtoto mchanga mgongoni na mwingine anatambaa. Nilimwambia natafuta chumba cha kupanga. Akanikaribisha, akanimiminia chai kutoka kwenye birika lililokuwa ndani ya kikapu changu. Alinieleza kwamba walikuwa wanaishi mtaa wa Kongo, kule Kawangware, nyumba yao ikachomwa, na mume wake Shiundu akatoka kuokoa godoro, hakurudi. Huyu mchanga alizaliwa hapa, chini ya silingi yetu. Akasema hajui ni nani aliyeitengeneza nyumba hii, lakini kila jioni humwombea, maana yeye hana pesa ya makaa na watoto hawajaugua hata homa.

Mimi, mama, nilikuwa nimeinua macho, naangalia mahali nilipokosea mshono. Nafikiri nilitazama sana. Akaniuliza polepole, “Ni kwako?”

Niliinamisha macho. Naye hakulia wala kubishana. Alisimama akaanza kukunja nguo za watoto, moja moja, anaziweka ndani ya karai. Afadhali angenitukana. Nikamwambia, “Wacha, dada. Keti.” Nikamshika mkono mpaka akaketi.

Lakini usinifanye mtakatifu. Nilipokuwa natoka nilimwona pale kioskini mmoja wa wale vijana waliotufukuza. Aliniangalia usoni, akanisalimu, “Sasa, mathe,” kama mtu ambaye hajawahi kunifanyia lolote. Nikajua kwamba hata nyumba ile ingekuwa tupu, na funguo ziko mkononi, nisingeweza kulala humo tena. Sijui ni huruma iliyoniondoa pale ama ni woga. Nimejiuliza mpaka nimechoka.

Sasa hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kimanzi aliporudi kutoka kazini nilimwambia nyumba iliungua baada ya lile neno la mwenye nyumba, na walioingia wameshaondoka. Ningemwambia ukweli angeenda na mwenye nyumba kuwatoa. Namjua, na singemlaumu, maana ni mikono yake iliyojenga. Aliniuliza tu, “Hata silingi?” Nikasema hata silingi. Akajilaza akageukia ukutani, na Everlyne alikuwa anakohoa kati yetu.

Nakuomba, mama, usinijibu jambo hili kwa simu.

Wasalimie wote wanaotuulizia, na usibebe mitungi miwili kwa mkupuo na goti hilo. Mungu akutunze. Kimanzi atakuja huko Pasaka. Akikuambia nyumba iliungua, mpe pole.

Ni mimi mwanao,
Mbula