Mwezi Mpevu Uani kwa Bibi

Mama, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Kinjumbi kabla hujasikia kwa watu. Jana baada ya isha mimi na mjomba tulitoka uani kuuangalia mwezi. Ulikuwa mkubwa ajabu, na mweupe hadi vivuli vya mikorosho vikaonekana chini kama mchana. Bibi alikuwa ameenda chooni, kule nyuma ya migomba. Nikaona kivuli kimoja kinasogea. Tembo, mama, kasimama kati yetu na choo, anang'oa mgomba taratibu.

Mjomba alinishika bega. "Usikimbie. Kwa mwanga huu atakuona." Kisha akapaza sauti kwa Kimatumbi, kwa utulivu kama anayeongea na jirani, akamwambia bibi asitoke. Bibi alikohoa mara moja kuonyesha amesikia. Tulisimama hivyo hadi miguu ikafa ganzi, ndipo tembo akageuka na kushuka bondeni.

Bibi alitoka anacheka. "Mama yako usimwambie," akasema. Lakini nilipomshika mkono, hakuuachia wangu hadi tulipoingia ndani. Mpigie, mama. Wewe ukimwomba aje kukaa nawe hapo Mtanda, huenda akakubali.

Nimewakumbuka sana. Mungu akulinde.

Mwanao,
Zuhura