Mama wa Kumi na Mbili

Likasi, Jumatano

Yaya Véronique, dada yangu mkubwa,

Salamu hizi zikukute umeketi, si unakimbizana na watoto. Mguu wa Mama vipi? Umepona kweli, au anasema umepona ili msimzuie kwenda shamba? Niambie ukweli, maana ninyi wawili mna tabia ya kunificha mambo. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia.

Nimeandika kwa karatasi na kumpa Mama Feza, yule anayekuja huko Kalemie kununua samaki wa ndagala, kwa sababu simu siiamini tena. Naichaji ofisini kwa mkuu wetu wa kituo cha afya, na mara mbili nimeikuta imegeuzwa, kama mtu ameisoma. Najua utacheka, utasema Odile anashuku hata kivuli chake. Cheka, lakini usome mpaka mwisho. Huku nimeshtakiwa kwamba naandika watoto ambao hawakuzaliwa, na sitaki usikie kwa mtu mwingine kabla yangu.

Unajua serikali ilisema kuzaa ni bure. Ni jambo jema, nalisema bila kinyongo. Wanawake waliokuwa wanazalia nyumbani sasa wanakuja, siku nyingine wawili kitanda kimoja. Lakini sisi wakunga tulikuwa watatu na bado ni watatu, na mimi huu mwaka wa sita sina namba ya matrikule, ile ya mtumishi wa serikali. Yaani nazalisha kila siku, na kwa serikali sijulikani. Kituo kinalipwa kwa kila mama aliyeandikwa kwenye rejista, ndiyo maana wamewekwa wakaguzi wa kupita mitaani na kuuliza: mama huyu yupo? Alizaa kweli?

Basi walichukua majina kumi na mawili kwenye kurasa zangu, wakazunguka mtaa siku mbili nzima. Hawakumpata hata mmoja. Hata mmoja, yaya!

Siku hiyo mkuu alinipa kiti. Miaka yote hii sijawahi kupewa kiti ofisini mwake. Akaniagizia chai, akasema kwa sauti ya padri: "Odile, usiogope, tutapanga. Orodha ya matrikule inaondoka wiki ijayo na jina lako liko ndani. Tusiiharibu." Tutapanga nini? Ile chai sikuimaliza.

Jumamosi nilivaa kitenge cha kawaida, nikaenda kuwatafuta mwenyewe. Nyumba ya kwanza nikaulizia Kabwiz Béatrice. "Hatumuyue uyo." Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, bibi mmoja akasimama mlangoni na mwiko mkononi: "Muntu wa ile jina hakuna huku. Na weye, ni nani banakutuma?" Na ndani nasikia kitoto kinalia, kilio cha wiki mbili tatu, hapo mimi sikosei. Hasira zikanipanda. Nikapaza sauti: "Mama, unafikiri mimi ni mjinga? Huyo anayelia ndani ni paka?"

Kumbe sauti ndiyo iliyoniokoa. Nyumba ya jirani akatoka mama mmoja niliyemzalisha mapacha, anacheka mpaka anashikilia ukuta. "Eh mwane! Ni ule mama wa materniti! Minye nilisikia tu vile anagomba, tumbo ikaanza kuniuma upya!"

Ndipo nikauelewa ujinga wetu. Waraka unatuamuru tuandike jina lililo kwenye kadi ya uchaguzi. Lakini huku mwanamke akishazaa mara ya kwanza, jina la kadi limekufa. Ni Mama Ngoy, ni Mama Mapasa kama huyu wangu wa mapacha, basi, hata mume wake anamuita hivyo. Nilikuwa nalijua hilo, mimi mwenyewe nawaita hivyo wodini, halafu nageuka naandika la kadi! Na majirani waliolijua la kadi walilificha makusudi. Zamani, mama aliyetoroka hospitali kabla ya kulipa ndiye aliyekuwa anatafutwa mlangoni kwa jina hilo, na wanaume wenye makaratasi. Mama Mapasa aliniambia wazi: "Tuliwaza, sasa ndiyo banakuya kutulipisha ile ya bure."

Sikuweza kumlaumu. Akajifunga kitambaa, akanizungusha nyumba kwa nyumba, na kabla jua halijashuka tulikuwa tumewapata kumi na moja, kila mmoja na mtoto wake.

Wa kumi na mbili, Monga Charlotte, tulimkosa. Mama Mapasa, ambaye anajua mimba za mtaa ule kabla ya waume, alitikisa kichwa. Jumatatu nikafungua rejista. Yaya, tarehe iliyoandikwa ni siku niliyokwenda Kambove msibani! Mwandiko umeiga wangu, sahihi imeiga yangu, ila aliyeandika hajui kwamba mimi saba yangu naikata mstari katikati.

Nilipomwambia mkuu kwamba mmoja hayupo, hakushtuka. "Huyo nitamtafuta mwenyewe." Nikatoka najiuliza kwa nini alichagua kurasa zangu kumwingiza huyo mama wa uongo. Jibu halikuchelewa. Mtu asiyejulikana na serikali, siku akisingiziwa, atalia kwa nani?

Jana wakaguzi walirudi. Mama Mapasa aliwaleta mama zangu kumi na moja, wakajaa benchi, watoto mgongoni. Halafu akaingia wa kumi na mbili, kavaa vizuri, sijamwona maisha yangu. "Monga Charlotte. Mutoto iko na wiki tatu." Akamfungua mgongoni. Mtoto akainua kichwa, akatutazama wote mmoja mmoja, akanyakua kalamu ya mkaguzi na kuitia kinywani. Wiki tatu! Lakini wakaguzi ni wanaume. Wakahesabu, wakaweka alama, wakaniletea ukurasa niweke sahihi.

Mkuu alisimama nyuma yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia anavyopumua. Sitakudanganya, yaya, niliiwaza matrikule. Niliuwaza mguu wa Mama na dawa zake. Halafu nikawaza: leo mmoja, mwezi ujao watakuwa watano, wote kwa jina langu, na siku ya kukamatwa hata hawa kumi na moja wataitwa uongo. Nikaandika: *Kumi na moja. Wa kumi na mbili sikumzalisha.*

Mkaguzi akauliza kwa nini. Kabla sijafungua mdomo, Mama Mapasa akasimama: "Ba papa, muangalie muzuri! Ule mutoto iko na meno!"

Walicheka wote. Mimi sikucheka, nilikuwa namtazama mkuu.

Leo asubuhi jina langu limefutwa kwenye orodha. Nimepewa barua ya kuhamia kwenye posti ya afya upande wa Shinkolobwe, kituo kisicho na kitanda cha kuzalishia. Wakaguzi wanasema watapeleka ripoti. Sijui. Mmoja wao alimshika mkuu mkono kwa muda mrefu mno. Kwa hiyo nimeunakili ukurasa ule wote, majina kumi na moja na majina wanayoitwa mtaani, nimeuweka humu ndani ya bahasha. Umtunzie mdogo wako. Usimwonyeshe mtu, hata shemeji, ambaye nampenda lakini mdomo wake naujua.

Msalimie Mama, umwambie nimehamishwa tu, mengine utamwambia mguu ukipona. Msalimie mjomba Kisimba aliyenifundisha kusoma, na wifi yangu Anna anayekusaidia shambani. Wanangu wadogo, yaani wanao, uwabusu.

Na mtu akikwambia Odile wa Likasi aliandika watoto wa uongo, usigombane naye. Mwambie tu walikuwa kumi na moja, na wote waliangukia katika mikono hii inayokuandikia.

Mdogo wako asiyelala vizuri lakini anayelala bila aibu,

Odile