Njiwa Nimemnasa, Ukurasa Mkwe Hauachii

Shangazi Inaam mpendwa, nitazame kwa jicho la huruma, maana nakaribia kukosa mke kwa sababu ya kichwa cha ukurasa. Mimi ni mfuga njiwa hapa Amman, na sisi wafugaji tuna kamusi elezo yetu mtandaoni, kila mwanachama anaiandika, na zamani ilikuwa vurugu tupu, kila mtu anafungua ukurasa wa njiwa wake na kuuita "Sultani", ukimtafuta Sultani mmoja wanakujia masultani wa mji mzima, ndipo mimi, msimamizi wake, kwa kiherehere changu nikapendekeza sheria: kichwa cha ukurasa kiwe jina la njiwa pamoja na jina la mwenyewe, na kwa kuwa kwetu anayemnasa njiwa wa mwenzake ndiye mwenye mali, basi njiwa akinaswa, kichwa kibadilishwe. Aliyeishangilia sheria hiyo kuliko wote ni Abu Ghaleb, baba wa mchumba wangu Tamador, kwa sababu wakati ule yeye ndiye aliyekuwa akinasa.

Sasa juzi njiwa wake Zumurrud, fahari ya mtaa wetu mzima wa Ashrafiyeh, alimfuata njiwa wangu jike akatua kwenye paa langu, nami nikamtupia wavu, mkono ulitangulia akili, Shangazi, na nilipompeleka kwake nimrudishe akanifokea mlangoni, "Njiwa wa kurudishwa ni sadaka, na mimi sijawa fukara! Kaa naye. Ila ule ukurasa usiuguse, mwanangu. Ni Zumurrud wa Abu Ghaleb mpaka nife!" Wanachama nao hawanipi pumzi: "Vipi msimamizi, sheria yako ina mlango wa wakwe?" Na Tamador kanipigia simu amefura: "Mutasim, hebu niambie, unataka kunioa mimi au kumhariri baba yangu?" Nampenda, Shangazi. Naogopa kweli. Nifanye nini?

Mutasim, Ashrafiyeh

*

Mutasim mwanangu, pole, ila anayemtupia wavu njiwa wa baba mkwe kabla ya ndoa hahitaji mshauri, anahitaji kufungwa mikono. Umelikoroga, utalinywa. Na huyo Abu Ghaleb naye, mkuki kwa nguruwe mtamu! Alipokuwa akifuta majina ya wenzake mbona hakulia?

Kichwa kile usikiache kilivyo. Leo umemwonea haya mkwe, kesho kila mwenye shemeji atataka aonewe haya, na sheria imekwisha. Jina lako pia usiliandike, labda kama umechoka na uchumba. Mahari si bado haijaandikwa? Mtie Zumurrud humo. Mahari ni mali ya mke. Baba hana mkono ndani yake, na wewe ukishatoa huna. Ukurasa uitwe "Zumurrud wa Tamador". Sheria yako haikusema mwenye njiwa lazima awe na sharubu, na Abu Ghaleb hawezi kuiita haki ya binti yake sadaka.

Lakini kabla hujagusa chochote, muulize Tamador mwenyewe. Nimeisoma barua yako mara mbili. Wanaume wawili mnagombea jina, na hakuna aliyemuuliza msichana anataka nini. Nenda leo, peleka na kitamutamu cha kunafa, ongea naye yeye kwanza. Akikubali, mshukuru Mungu. Akisema njiwa amemchosha na atamuuza soko la Ijumaa, usibishe neno: beba tundu, mfuate nyuma.