Kuni Mbili za Kujaribia

Ndugu yangu, babu yangu alikuwa mhunzi aliyeheshimika, na baba yangu akarithi tanuri lake. Hakuna mtu aliyethubutu kuwauzia kuni mbichi. Mimi nimeuziwa leo!

Nami nilifuata utaratibu wote. Kwa kila mzigo nilimwamuru muuzaji anipe kuni mbili, nikazigonganisha, maana kuni kavu hulia. Zikalia kama kengele. Mzigo uliofuata, kengele. Wa mwisho, kengele!

Wakwe wa mjukuu wangu wamekuja kwetu kwa mara ya kwanza. Maharagwe yamekuwa mawe, kuni zinatoa povu, na moshi umewafukuza wageni sebuleni wakitokwa machozi kama wafiwa. Mke wangu akaniita, “Mzee, hebu njoo. Ukuni huu una majani.”

Majani, ndugu yangu!

Nikarudi sokoni mbio. Nikamkuta muuzaji akimpa mama mmoja kuni mbili azigonganishe. Kengele! Nikazitambua: ni zile zile! Nikamwambia, “Basi niuzie hizo.”

Akanijibu kwa adabu zote, “Hizo haziuzwi, babu. Ni za kujaribia.”

Za kujaribia!

Wageni wangali uani, na njaa yao. Waambie vijana wako wachomoe kuni kwa mikono yao wenyewe, kutoka katikati ya mzigo. Tena wasicheke. Wasikie!